Bima ipi inakufaa? Soma kwanza inamlipa nani, na kwa janga gani

Leo tuweke pembeni mbolea na dawa ya kantangaze, tuongelee bima. Najua wengine mkisikia neno hilo mnataka kufunga ukurasa. Vumilieni kidogo, maana somo hili nimejifunza kwa aibu, na aliyelipia aibu yangu ni kijana kama wewe.

Msimu wa mwaka juzi kijana mmoja wa kata ninayohudumia, huku Ilula mkoani Iringa, alikopa milioni 8 benki alime ekari 2 za nyanya kwa umwagiliaji. Dhamana ilikuwa kiwanja cha baba yake. Mimi ndiye niliyemsaidia kuandika mchanganuo, na siku ya kusaini nikamsindikiza tawini. Afisa mikopo akasema, "Mkopo huu una bima ndani yake, hela yake tunaikata juu kwa juu." Kijana akanigeukia. Nikamwambia, "Safi, hapo umelindwa." Sikuuliza swali hata moja.

Nyanya zikiwa na ukubwa wa yai ikanyesha mvua ya mawe. Haikuzidi nusu saa. Kesho yake nilipofika shambani majani yalikuwa yamechanika, matunda yana matobo, mengine yako chini. Nikamwambia aende benki akadai bima. Jioni akanipigia simu: "Mtaalamu, nimeambiwa bima ile inalipa nikifa. Sasa mimi niko hai."

Benki haikumdanganya. Imeandikwa kwenye karatasi aliyosaini: akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, bima inalipa salio la mkopo. Inalinda deni la benki, na kwa namna fulani inailinda familia yake isirithi deni hilo. Nyanya hazimo kabisa. Kijana aliuza pikipiki na ng'ombe wawili, na mpaka leo bado anapunguza deni kidogokidogo ili kiwanja cha mzee kisipigwe mnada.

Kosa letu lilikuwa moja tu. Tulisikia neno "bima" tukaridhika. Tangu siku hiyo nimekaa na mawakala, nimesoma mikataba, nimeuliza maswali ya kijinga. Stashahada yangu ni ya kilimo, siyo ya bima, na sichukui kamisheni ya kampuni yoyote. Ninachowapa hapa ni kile ninachotamani ningekijua siku ile pale tawini.

Hatua ya kwanza: nini kikitokea, shamba lako linakufa?

Usianze kwa kuuliza "bima bei gani?" Anza na daftari. Andika mambo yote mabaya yanayoweza kukupata wewe, familia yako na biashara yako. Kisha kila jambo liulize maswali mawili: linatokea mara ngapi, na likitokea linakula hela kiasi gani? Utapata makundi manne.

1. Yanayotokea mara kwa mara lakini ni madogo. Mfano: pampu kuharibika sili, kuku kumi kufa, matenga machache ya nyanya kuoza njiani. Haya usiyakatie bima. Weka akiba ya dharura, jilipie mwenyewe.

2. Yanayotokea kwa nadra na ni madogo. Yaache, usipoteze usingizi.

3. Yanayotokea mara kwa mara na ni makubwa. Mfano: shamba liko bondeni na kila masika mto unaingia. Hapa hakuna bima itakayokuokoa. Kampuni itakukataa au itakutoza ada ambayo haina maana. Dawa yake ni kubadili kilimo: hama bonde, chimba mifereji, badili msimu wa kupanda.

4. Yanayotokea kwa nadra lakini yakija yanafuta kila kitu. Mvua ya mawe, moto kwenye stoo, kirikuu kumgonga mtu, wewe mwenyewe kuvunjika mgongo. Kundi hili ndilo la bima.

Ukielewa makundi haya manne umeshajua nusu ya somo. Vijana wengi wanafanya kinyume. Wanakatia bima simu ya laki tatu, halafu stoo yenye vitunguu vya milioni 20 haina kitu.

Kuna hatari moja kubwa ambayo bima za kawaida za mazao hazigusi: bei kushuka. Nyanya zikimwagika sokoni na tenga likashuka mpaka hela haitoshi hata kulipa wavunaji, usitegemee bima ya mazao ikulipe. Hiyo unapambana nayo kwa kupishanisha tarehe za kupanda, kuwa na mkataba na mnunuzi, na kutoweka mtaji wote kwenye zao moja.

Hatua ya pili: jilinde wewe kwanza

Kwenye mashamba mengi ya vijana, mashine ya gharama kubwa kuliko zote ni mwenye shamba. Ndiye anayejua madawa, wateja na madeni. Akilala hospitali miezi mitatu, shamba linalala naye. Kwa hiyo kabla ya nyanya, angalia mwili wako.

*Afya.* Nimeona mtaji wa msimu mzima ukiishia kwenye upasuaji mmoja wa dharura wa uzazi. Wengi mmezoea CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo utaratibu unabadilika. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa wako au uliza kwenye kituo cha afya kiwango kinachotumika sasa. Ukiwa hapo uliza mambo matatu: familia nzima imo? Inafika hospitali ya rufaa au inaishia zahanati? Na nikijiunga leo, naanza kutibiwa lini? Usisubiri mke awe na mimba ya miezi minane ndipo ukajiandikishe.

*Ulemavu na kifo.* Hapa vijana mnasema, "Mimi bado mdogo." Lakini unaendesha pawatila, unapanda bodaboda usiku, unapulizia sumu. Ulemavu mimi nauogopa zaidi, maana mtu anabaki hai, anakula, anatibiwa, na kazi hawezi. Ukipewa mkataba wa bima ya maisha, tafuta kama ulemavu wa kudumu umo na umeelezwaje. Mingine inalipa ukipoteza viungo viwili, mingine inalipa hata kwa kimoja.

Kiasi gani kinatosha? Usikubali tu namba ya wakala. Piga hesabu yako. Mfano wa kijana mwenye mke na watoto wawili:

- Deni la benki: milioni 12
- Matumizi ya nyumbani 300,000 kwa mwezi, kwa miaka 5: milioni 18
- Ada za shule kwa kipindi hicho: milioni 4
- Jumla: milioni 34

Sasa toa vile alivyonavyo. Bima ya mkopo italipa lile deni la milioni 12. Akiba anayo milioni 2. Inabaki milioni 20. Hiyo ndiyo bima ya maisha anayoihitaji, siyo milioni 3 wala milioni 100. Mwaka kesho deni likipungua au mtoto akiongezeka, anapiga hesabu upya. Ukiona ada ni kubwa, ulizia bima ya kikundi kupitia AMCOS au VICOBA yenu. Mara nyingi kikundi kinapata bei nafuu kuliko mtu mmoja mmoja.

*Uzee.* Sisi tuliojiajiri tunaruhusiwa kujiunga na NSSF kwa hiari. Hii ni hifadhi ya muda mrefu, usiichanganye na bima ya janga la msimu huu. Lakini ijue.

Hatua ya tatu: biashara yako, kipande kwa kipande

*Mazao.* Kuna aina mbili kubwa mtakazokutana nazo, na tofauti yake ni muhimu sana.

Aina ya kwanza, mkaguzi anakuja shambani. Mkataba unataja majanga, mfano ukame, mafuriko, mvua ya mawe, moto, upepo mkali, na unataja kiwango cha mavuno kilichokubaliwa. Ukivuna chini ya kiwango hicho kwa sababu ya janga lililotajwa, unalipwa pengo. Uzuri wake ni kwamba inaangalia shamba lako lenyewe. Ubaya wake, ada ni kubwa zaidi, na kumbukumbu zako zisipokuwa sawa utapata shida kwenye madai.

Aina ya pili inaangalia vipimo: mvua iliyopimwa na satelaiti au kituo cha hali ya hewa, au wastani wa mavuno ya eneo zima. Kipimo kikishuka chini ya kiwango cha mkataba, wote waliokatia eneo hilo wanalipwa bila mkaguzi kuja. Ni rahisi na malipo huwa hayana mvutano. Lakini elewa hatari yake: mvua inaweza kusomeka nzuri kwenye kipimo cha kata wakati shamba lako limekauka, na hutalipwa. Na bima ya kipimo cha mvua haijui lolote kuhusu mawe yaliyoanguka kwako peke yako. Yule kijana wangu angekuwa na bima ya namna hii, pia asingelipwa.

Kwa hiyo mkulima wa mahindi au alizeti anayetegemea mvua, anayeogopa ukame, aina ya pili inaweza kumfaa kwa bei nafuu. Mkulima wa mboga anayemwagilia, anayeogopa mawe na mafuriko, atafute aina ya kwanza na ahakikishe janga analoliogopa limeandikwa kwa jina. Tangu 2023 yapo makampuni ya bima yaliyoungana mahsusi kwa bima ya kilimo chini ya umoja unaoitwa TAIC, kwa hiyo ukikataliwa na kampuni moja usikate tamaa, ulizia huko.

Wadudu na magonjwa wasomeni vizuri sana. Mikataba mingi haimlipi mtu ambaye alikuwa na uwezo wa kudhibiti na hakudhibiti. Kantangaze akimaliza nyanya zako na huna hata rekodi moja ya upuliziaji, usitegemee kitu. Na bima ya mazao inanunuliwa kabla au mwanzoni mwa msimu. Hakuna kampuni inayouza bima wakati wingu jeusi liko juu ya kilima.

*Mifugo.* Kampuni itataka daktari wa mifugo aandike hali ya afya, ng'ombe awe na hereni, na chanjo ziwe zimetolewa. Wafuga kuku, kama huna kadi ya chanjo ya kideri na Gumboro, anza na chanjo. Bima baadaye.

*Stoo, banda na vifaa.* Ulizia bima ya moto na majanga yanayoambatana nayo kama mafuriko na upepo. Mengine yanaongezwa kwa ada kidogo, hayaji yenyewe. Bima ya wizi nayo ina mtego: mingi inataka alama za kuvunja. Mlinzi wako akifungua mlango kwa ufunguo na kuuza pampu, hiyo ni bima nyingine, ya uaminifu wa wafanyakazi. Na je, pampu imelindwa ikiwa stoo tu, au hata ikiwa kule mtoni inakofanya kazi mchana?

*Gari na pikipiki.* Bima ndogo ni lazima kisheria. Inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au uliyemharibia mali, gari lako haligusi. Bima kubwa inalipa na la kwako. Kama kirikuu umenunua kwa mkopo au ndicho kinachoendesha biashara, tafuta bima kubwa. Sasa angalizo: andikisha matumizi halisi. Ukiandikisha gari kama la binafsi kumbe unabebea nyanya za watu kwa malipo, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukukatalia. Nao mzigo uliomo ndani ya gari haumo kwenye bima ya gari. Mzigo una bima yake, ya mali ikiwa safarini. Anayesafirisha kwenda Dar au Dodoma kila wiki aifikirie.

*Wafanyakazi.* Kama umeajiri, sheria inakutaka ujisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara, na anayelipa ni mwajiri. Huruhusiwi kumkata mfanyakazi. Piga hesabu: mishahara ya 400,000 kwa mwezi, mchango ni 2,000. Mfanyakazi wako akikatwa vidole na mashine ya kukoboa, matibabu na fidia vinatoka kwenye mfuko badala ya mfukoni mwako. Katika bima zote nilizozitaja, sijaona yenye uwiano mzuri kuliko hii.

*Madhara kwa jirani.* Moto wa kusafisha shamba ukihamia kwenye migomba ya jirani, au dawa ikipeperushwa ikaua nyuki wake, atakudai wewe. Ipo bima ya madhara kwa watu wengine. Ukiichukua, uliza waziwazi kama moto wa kusafisha shamba na dawa iliyopeperushwa vimo au vimetolewa.

Hatua ya nne: usidanganye thamani

Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua kwa nini. Mtu ana mali ya milioni 20 stoo, anakatia bima ya milioni 10 ili ada ipungue. Anajisemea, "Hata wakinilipa milioni 10 si mbaya." Unatokea moto, unaunguza mali ya milioni 6. Anategemea alipwe 6, maana iko chini ya 10. Analipwa 3.

Kwa nini? Kwa sababu ya kanuni ya wastani. Umekatia nusu ya thamani, kwa hiyo kampuni inakuhesabu kuwa nusu nyingine umejikatia mwenyewe. Kila hasara inagawanywa kwa uwiano huohuo. Nusu ya 6 ni 3.

Kisha inatolewa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, mawakala wanaiita eksesi. Tuseme ni asilimia 10 ya hasara inayolipwa: kwenye 3 inatoka 300,000, unabaki na milioni 2 na laki 7. Mali ya milioni 6 imeungua, umepata chini ya nusu.

Kinyume chake nacho hakisaidii. Ukikatia milioni 40 kwa mali ya 20, utalipwa thamani halisi ya kilichoungua, na ile ada ya ziada umeitupa. Bima ya mali inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Vivyo hivyo, kukatia mali moja kwenye kampuni mbili hakukupi malipo mara mbili.

Kwa mkulima thamani inapanda na kushuka. Mwezi wa mavuno stoo ina milioni 20, miezi minne baadaye ina milioni 2. Mweleze wakala kiwango cha juu kabisa, na uulize kama kuna utaratibu wa kutoa taarifa ya mali kila mwezi.

Ukitaka ada ipungue kihalali, usishushe thamani. Kubali eksesi kubwa zaidi. Yaani hasara ndogo ubebe mwenyewe kwa akiba yako, kampuni ibebe ile inayofuta shamba. Ni yale makundi manne tuliyoanza nayo.

Hatua ya tano: maswali saba kabla ya kusaini

Yaandike kwenye karatasi, nenda nayo. Usione aibu. Mimi niliona aibu siku ile pale tawini, na mwenzangu ndiye anayelipa.

1. Likitokea janga, hela inalipwa kwangu au kwa benki?
2. Majanga gani yametajwa kwa jina? Nionyeshe mstari.
3. Nini hakilipwi? Soma ukurasa huo mara mbili, ndio muhimu kuliko ule wa rangi wenye picha za wakulima wanaocheka.
4. Eksesi ni kiasi gani, kwa hasara au kwa thamani yote?
5. Bima inaanza siku gani na inaisha siku gani? Je, inafika mpaka mavuno?
6. Likitokea janga nitoe taarifa ndani ya siku ngapi, kwa nani?
7. Ni masharti gani nikiyavunja sitalipwa? Mfano mlinzi, kizima moto, chanjo, leseni ya dereva.

Pamoja na hayo, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Stika ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni, fanya hivyo palepale kabla wakala hajaondoka. Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo, siyo kwenye simu ya mtu. Bima ambayo ada yake haijaifikia kampuni ni karatasi tu. Na kwenye fomu sema kweli: kama stoo imeezekwa nyasi, sema nyasi. Uongo mdogo wa leo ndio kisingizio kikubwa cha kesho.

Hatua ya sita: siku ya hasara

Piga picha kabla hujagusa kitu. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa simu, kisha kwa maandishi, na ubaki na nakala. Usilime upya wala kung'oa mimea kabla mkaguzi hajafika au hajakuruhusu. Lakini zuia hasara isiongezeke: funika kilichobaki, tenga kuku wazima. Wizi na ajali, nenda polisi. Moto, pata ripoti ya zimamoto. Mwite afisa kilimo au daktari wa mifugo wa kata yako aandike alichokiona. Hiyo ni kazi yetu, usiogope kutuamsha.

Vitu vitakavyokutetea vinaandaliwa kabla: risiti za pembejeo, daftari la shamba lenye tarehe za kupanda na kupulizia, rekodi za mavuno ya misimu iliyopita, orodha ya vifaa na bei zake. Asiye na daftari anadai kwa mdomo.

Ukiona umeonewa, anza kwa barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe. Ikishindikana nenda TIRA, au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida.

Hela haitoshi, nianze na ipi?

Swali hili naulizwa kila siku. Mpangilio wangu ni huu. Kwanza zile za lazima kisheria: bima ndogo ya chombo chako, na WCF kama umeajiri. Pili afya ya familia. Tatu, lile jambo moja ambalo likitokea utapoteza dhamana uliyoweka benki. Kwa mkulima wa nyanya mwenye mkopo hilo ni zao lenyewe, kwa mfuga kuku ni banda na kuku, kwa mnunuzi wa vitunguu ni stoo. Nne, ulemavu na maisha, kwa hesabu tuliyopiga. Mengine yafuate biashara ikikua. Na ada ya bima iingize kwenye mchanganuo tangu mwanzo, kama unavyoingiza mbegu. Ukisubiri hela itakayobaki, haitabaki.

Bima haichukui nafasi ya akiba wala ya kilimo kizuri. Na kuna msimu utalipa ada na hakuna kitakachotokea. Usiseme umeliwa. Msimu huo ulilala usingizi, na shamba likaishi.

Yule kijana bado analima. Msimu huu amekopa kidogo, milioni 3, ekari moja. Kabla ya kusaini alikuja ofisini kwangu na mkataba wa bima ya mazao, tukausoma wote wawili kwenye benchi, mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye orodha ya majanga aliweka kidole kwenye maneno "mvua ya mawe", akaniangalia, akasema, "Mtaalamu, hapa ndipo nasaini."

Kazi ya nyumbani wiki hii: kama una mkopo, tafuta karatasi zake, angalia bima uliyokatwa inalipa nini na inamlipa nani. Ukikuta mstari usioeleweka, niandikie tuusome pamoja.

Tukutane somo lijalo. Shamba jema.